Sauti Chini ya Kanga

Siku ya tatu ya msiba, televisheni iliyofunikwa kanga ilisema, "Sauti, kumi na tano."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele sebuleni walirudi nyuma hadi ukutani. Mmoja alianza kusoma Ayatul Kursiy. Bi Salhina, mjane, sauti aliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimsomea marehemu mumewe, asiyeona, kila alichobonyeza.

"Kumbe nimekalia rimoti," alisema wifi yake, Shufaa, akiitoa chini ya mto aliokalia. "Wifi, niizime hii sauti kabisa? Watu watatukimbia."

"Izime."

Shufaa alifunua kanga, akabonyeza hapa na pale. Televisheni ikauliza, "Ungependa kuzima msomaji? Ndiyo. Hapana."

Bi Salhina alimdaka mkono. Leo jioni wageni wangeondoka, naye angebaki na miezi minne na siku kumi za eda katika nyumba isiyosema kitu.

"Nipe mwenyewe."

Alibonyeza mshale wa kushoto. "Ndiyo," ilisema sauti.

Akabonyeza wa kulia. "Hapana."

"Ndiyo."

"Hapana."

Ukutani, aliyekuwa akisoma aliacha, wote wakaisikiliza ile sauti.