Raba ya Kushoto

Trafiki alizungusha gurudumu la nyuma la pikipiki ya mume wangu, akakanyaga breki, akacheka kwa furaha. "Mzee Gaudensi, dude hili limenizidi umri, lakini ni zima kuliko hizi mpya zinazoingia sasa. Hata watu wawili linapanda nao mlima bila kukohoa."

Watu wawili! Mimi huambiwa limechoka, nikipanda tu litafia njiani. Tangu serikali itoe ruksa ya biashara, Gaudensi hupeleka mitumba kijijini Muze kila wiki, na mimi hubaki Sumbawanga na vumbi lake.

Trafiki akabandika stika ya ukaguzi, kisha akainama. "Badilisha tu raba hii ya kushoto, abiria anapokanyagia. Imelika mpaka chuma kinaonekana. Ya kulia bado mpya."

Nikainama na mimi. Raba zote mbili Gaudensi alizifunga siku moja, mbele ya macho yangu. Mwanamume akipakiwa hutanua miguu, hukanyaga pande zote mbili. Anayekaa upande, miguu yote kushoto, ni mwanamke aliyevaa kitenge.

Nikaigusa ile ya kushoto. Ilikuwa na shimo la kisigino, dogo, laini kama sabuni iliyotumika.

"Ni marobota hayo yanasugua, mama watoto," alisema Gaudensi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikakaza kitenge changu, nikapanda, nikakaa upande. Kisigino changu hakikuenea kwenye lile shimo.

"Washa," nikamwambia. "Twende Muze."