Bosi Ametoka

Mwanamke alilibamiza kopo la maziwa ya unga juu ya kaunta, na msichana wa duka akalazimika kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Hili ni la watoto wa mwaka mmoja na kuendelea," alisema mwanamke. "Asubuhi nilikwambia mwanangu ana miezi mitatu. Ukanipa bila hata kutazama."

Msichana aligeuza kopo, akaona halijafunguliwa, akalirudisha. Kubadilisha bidhaa ni kazi ya bosi, alisema, na bosi ametoka.

Ametoka! Neno hilo lilimchoma mwanamke hadi kwenye mifupa. Hakupewa pole wala samahani, hata kiti hakuonyeshwa. Zamani mwenye duka alikujulia hali kabla hujasema unachotaka. Siku hizi ukirudi na shida unatazamwa kama umekuja kuomba.

Aliuliza bosi anarudi saa ngapi. Msichana alipandisha mabega. Aliomba basi apigiwe simu, akajibiwa kwamba ameizima, alikokwenda hawataki simu.

Mwanamke alisimama pale akimsubiri huyo bosi mpaka miguu ikamuuma. Mama yake, aliyebaki nyumbani na mtoto, alipiga kusema maziwa ya kopo la zamani yamekwisha kabisa. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia kilio kile cha njaa, ambacho hakidanganyi. Hela ya kopo jingine hakuwa nayo. Na kwenye rafu, nyuma ya msichana, makopo yanayofaa yalikuwa yamejipanga.

"Nipe hilo moja, uchukue hili," alisema, akijikaza kutumia sauti ya upole. "Bei ni ileile."

"Bosi atanifukuza, mama. Wewe subiri tu."

Hapo uvumilivu ukamwishia. Mbele ya wateja wote alimwambia msichana kwamba watu kama yeye ndio wanaoua biashara, wamezoea kulipwa kwa kukaa, na mtoto akishinda na njaa leo, basi dhambi hiyo iko shingoni mwake na mwa bosi wake anayeacha kazi na kwenda kuzurura. Wateja walitikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja alisema huduma imekufa kila mahali, na mwanamke akamwambia hajakosea hata kidogo.

Machozi yalimlengalenga msichana. Mwanamke hakumhurumia.

Muda ulikuwa umemtupa mkono. Alilitia kopo kwenye mkoba, akavuka barabara huku bado ana hasira, akapanda ngazi za ofisi ya leseni. Sweta lake lilikuwa bado limening'inia kwenye mgongo wa kiti, alipoliacha asubuhi ili ionekane hayuko mbali. Watu waliojaa kwenye mabenchi wakainuka wote kwa pamoja. Akaketi dirishani bila kumsalimu mtu, akaita wa kwanza.

Mwanaume mmoja alisogea, macho mekundu kwa uchovu.

"Dada, nakungoja tangu asubuhi, nataka muhuri tu," alisema. "Duka nimemwachia msichana ambaye simruhusu kubadilisha hata kopo la maziwa."