Kilio cha Ijumaa

Siku hizi runinga husoma mioyo ya watazamaji, kisha filamu ya mapenzi huishia kwa kuwapa wanachokikosa nyumbani. Wapweke huonyeshwa harusi. Wanaopendana huonyeshwa wapenzi wakiagana. Ndiyo maana kila Ijumaa jioni Mwanakombo na mumewe Shekue walilia kwa sauti, wakatafuna kashata, na majirani, waliojua kilio hicho ni dalili ya penzi, wakawapigia vigelegele.

Ijumaa hii, kijana wa kwenye filamu alimwahi mchumba wake kituoni kabla treni haijaondoka. Wakaoana.

"Imeharibika hii," alisema Shekue.

"Majirani wanasubiri, mume wangu," alinong'ona Mwanakombo, akajitia kuangua kilio.

Vigelegele vikahanikiza mtaa mzima. Akamgeukia mumewe huku akicheka, akamkuta analia kweli.