Simu Inayochuja Sauti

Siku hizi simu huchuja sauti kabla ya kuipeleka. Hutoa kilio, hutoa matusi, na unayemtumia husikia adabu tupu kwa sauti yako mwenyewe.

Leo asubuhi jirani wa binti yangu Zuhura alikuja kwa miguu yake kunieleza kwamba Makame, mume wa Zuhura, humpiga mwanangu. Nilikuwa nachuja tui. Nikashika simu kwa mikono yangu mibichi ya tui, nikamtumia Makame sauti. Nilimwita mbwa. Nikamwambia mkono wake ukatike na binti yangu anirudishie leo hii.

Akajibu papo hapo: "Shikamoo mama! Ahsante kwa dua. Nasi tunakupenda."

Dua! Nikasonya, nikaisikiliza niliyotuma. Sauti ni yangu kabisa, hata kikohozi changu kimo: "Mungu akuzidishie, mwanangu. Nitunzie Zuhura."

Kila Ijumaa Zuhura hunitumia sauti nyororo kama ya bibi harusi: "Tuko salama, mama. Usije."

Nimeshavaa buibui, nakwenda. Tui ukilichuja, machicha hubaki kwenye chujio, unayaona. Vilio vya mwanangu vimebaki wapi?