Uso wa Mama Mkwe

Noel alikuwa amepiga magoti kwenye ghala la ukweni, jicho moja limeganda kwenye tundu la ukuta, akimchungulia mama mkwe wake.

Angekutwa, asingekuwa na pa kujificha. Hapo kijijini Ihanja mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja hukata kona kwenye alizeti mpaka mwenzake apite. Na huyu wetu alikuwa anamkodolea macho, penseli mkononi, ulimi nje.

Lakini wa kulaumiwa alikuwa baba mkwe. Mzee Ezekieli alikuwa anajiandaa na jubilei ya ndoa yake, na alitaka picha ya mkewe ya kuchorwa kwa mkono, aitundike sebuleni.

"Baba, nitamchoraje wakati siruhusiwi kumwangalia?" Noel alimuuliza.

"Msanii ni mimi au wewe?" mzee akajibu. "Ukiniridhisha, nakukatia kiwanja pale kwenye mawe. Ukishindwa, mchukue mkeo mrudi Dodoma."

Dodoma! Huko Noel alichora mabango ya wauza simu na ya wagombea, na kila bango lilichukuliwa rangi haijakauka. Alitoka huko presha iko juu, akamwambia mkewe, Yunisi, kuwa sasa wataishi kwa utulivu, watatafakari, naye atachora anachokipenda. "Polepole ndio mwendo," aliwaambia mashemeji. "Mwendo wa kwenda wapi?" wakamuuliza, wakamwacha na brashi zake. Hakujali. Ila kile kiwanja alikitaka mpaka usingizi ukampaa.

Picha pekee ya mama mkwe ilikuwa ya kitambulisho, na humo Mama Dorika alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Ndipo siku moja, akipanga makopo yake ya rangi ghalani, Noel akaona tundu ambalo hakuwahi kuliona, limeelekea jikoni moja kwa moja. Mungu hamtupi mja wake, akasema moyoni.

Alichokiona kilimnyenyekeza. Kumbe yeye, mhubiri wa utulivu, alikuwa mwanafunzi tu, na mwalimu alikuwa huyu mama. Kila asubuhi Mama Dorika alisogeza kigoda penye mwanga, kajifunga kitenge kipya, ungo wa karanga mapajani. Akakaa. Karanga moja aliibangua kwa muda ambao wengine wangepika ugali na kuula. Hakuinama, hakujikuna pua. Hata kuku walipopanda kwenye ungo, aliwaacha wale. Mtu wa namna hii, Noel aliwaza, ameshamaliza ugomvi na dunia.

"Siku hizi mama hashiki kazi," Yunisi alilalamika. "Maji mimi, kuni mimi. Sijui anaumwa?"

"Anatafakari," Noel akamwambia. "Na wewe ungejifunza."

Yunisi akamrushia mwiko.

Picha ikatoka. Noel hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile: lile paji, yale mashavu, ule mdomo wa mtu anayejua jambo na halisemi. Alilia kidogo, peke yake, kwa furaha.

Asubuhi ya jubilei akili ikamrudia. Kadiri uso ule ulivyofanana na mwenyewe, ndivyo ulivyomshitaki yeye. Kila mtu angejua amemtazama. Angetozwa mbuzi, Yunisi angefedheheka mbele ya ukoo mzima, na kiwanja kingebaki cha mijusi. Akachukua brashi. Huku roho inamuuma, akaufunika ule uso kwa rangi, akachora juu yake kilemba kwa nyuma, shingo na mabega. Sasa mama alikuwa anatazama mashamba, kawapa watu mgongo.

Shuka lililoifunika picha likafunuliwa mbele ya wageni. Mzee Ezekieli akaikagua picha kwa karibu, akarudi nyuma, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mnaiona adabu hiyo?" akawaambia watu. "Kamchora mke wangu bila kumtazama! Mkwe, kiwanja ni chako."

Vigelegele vikapigwa. Mashemeji wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, na Noel akafuta jasho.

Ndipo sauti ya Mama Dorika ikatoka nyuma ya pazia la mlango, kali, ikimwendea bintiye, maana mkwe hasemeshwi.

"Yunisi! Hebu niulizie kwa mumeo. Ukuta nimeutoboa kwa msumari, kwa mkono wangu mwenyewe. Nimekaa kwenye mwanga mpaka shingo imekakamaa. Ili anichore kisogo?"