Mla Posho wa Mwisho

Oloo aliikataa kazi ya nne mdomo wake ukiwa umejaa wali.

"Hoteli, Oloo. Pale Al Mansoura," Dedan alirudia, akidhani hakusikika. "Unasimama mlangoni, kiyoyozi kinakupuliza, unafungulia wageni. Mwenzako Kiprop alipata kama hiyo, sasa shingo imenenepa kama ya mbunge."

"Nimesikia, bosi. Asante sana. Acha ningoje kidogo."

"Ungoje nini? Reli imekwisha! Treni zenyewe zinajaribiwa huko chini!"

Oloo akachota kijiko kingine. "Mama Terry," akaita, "leo umepika!"

Mpishi alichungulia kutoka jikoni, akatabasamu kidogo, akarudi kwa masufuria yake. Dedan alikuwa ameuonja wali ule. Chumvi iliyokuwemo ingetosha kukausha samaki. Siku nyingine haikuwemo kabisa.

Dedan alikuwa na kikampuni cha kulaza reli za metro ya Doha. Kazi ilipokwisha, mkataba ulimtaka awalaze na kuwalisha vijana waliopunguzwa mpaka wapate kazi kwingine. Wenyewe waliiita posho ya kungoja. Kampuni kubwa iliyompa kazi ikaongeza muda wa posho, kisha ikaongeza tena, na mzigo ukabaki kichwani mwake yeye. Maadamu alikuwepo hata mtu mmoja anayengoja, ile nyumba ya wafanyakazi mtaani Najma isingeweza kufungwa: maji, umeme, kodi, na mpishi juu yake. Wote walikwisha kuondoka, mmoja mmoja, na mabegi yao. Alibaki Oloo, akichagua kitanda anachotaka kama sultani.

Gari la Dedan lilikwisha kuuzwa. Mke na watoto aliwarudisha Nyeri, mwenyewe akahamia stoo ya vifaa, analala kati ya koleo na kofia za plastiki. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba angepeleka hundi ya kodi benki, na benki hakukuwa na kitu. Doha hundi ikirudi, aliyeiandika hulala ndani.

"Mgeni siku mbili, Oloo," alisema jioni moja. "Ya tatu mpe jembe."

"Nipe basi hilo jembe, nilime hapa hapa uani."

"Mimi sicheki! Nitafungwa, ndugu yangu. Unaelewa? Nitafungwa."

Oloo akaitazama ile mikono yake mikubwa. "Nipe mpaka Ramadhani iishe," akasema. "Nakuomba kama mama yako alivyomwomba Mungu uje duniani salama. Baada ya hapo hata kazi ya kuzoa taka nitaifanya."

"Kwa nini Ramadhani? Wewe ni Msabato!"

Oloo aliinuka, akakusanya vyombo, akaenda kuviosha.

Hapo ndipo macho ya Dedan yalipofunguka, au ndivyo alivyodhani. Mwanamume mzima, mtu wa nyundo na mataruma ya reli, anaosha sufuria za mpishi! Akakumbuka na Alhamisi zao. Kila Alhamisi wawili hao hutoka mapema, eti sokoni, hurudi jioni kikapu kitupu, Oloo kamshika mama wa watu mkono kama bibi harusi. Kesho yake Mama Terry haamki mapema, na Oloo ndiye anayepika chai.

Kumbe mimi nauza gari, Dedan akawaza, watu wanakula fungate!

Nambari ya Akinyi, mke wa Oloo, alikuwa nayo tangu enzi za kutuma mishahara. Akampigia simu kwao Ahero.

"Shemeji, mimi sipendi umbea."

"Sema tu, bosi. Amekufa?"

"Hapana, yuko mzima. Mzima kupita kiasi. Kazi zipo, anazikataa. Kuna mama hapa, mpishi. Wanaishi nyumba moja, wawili peke yao. Mimi nimesema ya kwangu."

Upande wa pili akamsikia Akinyi akiwaambia watoto watoke nje.

Asubuhi Oloo alikuwa amekaa kitandani na simu mkononi, macho mekundu. Begi lilikuwa limefungwa.

"Akinyi anasema nikilala hapa usiku mmoja zaidi, nisahau nina watoto," alisema. "Ile ya hoteli bado ipo?"

"Ipo, ndugu yangu. Ipo!"

"Ningekueleza, Dedan, lakini niliapa." Akaingia jikoni, akakaa huko kitambo. Alipotoka alipita kando ya Dedan bila kumpa mkono.

Dedan hakujali. Siku hiyo hiyo alirudisha funguo, akaipata hundi yake, akaichana vipande vidogo vidogo barabarani akicheka peke yake. Kwa pesa zake za mwisho alimnunulia Mama Terry tiketi ya ndege nzuri, isiyozungukazunguka, na kanga ya zawadi. Hakuwa na kinyongo na mtu tena. Alimkuta amekaa juu ya sanduku lake, jikoni pamekwisha kufagiliwa.

"Mama, kibali chako wanakifuta kesho. Utafika kwa Terry mapema, umbebe mjukuu."

"Na kadi ya hospitali, bosi? Nayo inafutwa?"

"Vyote huenda pamoja. Kwani unaumwa?"

Mama Terry alikivua kilemba chake polepole. Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Dawa za kansa, zile za Alhamisi, zilikuwa ziendelee mpaka Idi," akasema. "Kwetu hospitali ya namna hii siiwezi. Oloo aliniambia, wewe pika tu, mimi nitakula mpaka upone."