Nusu Kikombe cha Kuonja

"Anza wewe," alisema Mbithe, akimrudishia mke wa mwanawe kikombe.

Kanyiva alikuwa amechemsha maji, akayaacha yapoe, akayapima kwa chupa ya soda ya nusu lita na kumimina humo unga wa dawa ya kuharisha, pakiti nzima, kama Mutindi, mhudumu wa afya wa kijiji, alivyomwelekeza. Zilibaki pakiti mbili. Ugonjwa wa kuharisha ulikuwa umekwisha kuua wawili ng'ambo ya mto, na hospitali ya Mutomo ilikuwa mbali kwa mama mkwe asiyeweza kusimama.

Desturi aliijua: aletaye kinywaji hukionja mbele ya mnywaji. Akapiga funda moja.

"Nusu kikombe, Mama Kisilu," Mbithe alimwambia.

"Mwaitu, mama yangu, nusu kikombe si kuonja. Hii ni dawa yako."

"Cha mgeni natosheka kikigusa ulimi. Chako nataka kifike tumboni."

Miaka sita ya kumtekea maji, na leo anadhaniwa mtia sumu! Miguu ilimtetemeka kwa hasira, kinywa kikamkauka kwa aibu. Akanywa. Mbithe akalowesha midomo tu, akasukuma kikombe kando: ladha imebadilika, aonje tena.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Kanyiva alitoka mara kwa mara kuwaangalia mbuzi, akakawia, akarudi akishika ukuta; kikombe kilikuwa kikimngoja. Hata beseni la haja la mgonjwa, lililofunikwa chini ya kitanda, alikatazwa kuligusa mpaka Mutindi alione mwenyewe. Kufikia saa sita, pakiti ya pili ilikuwa imekwisha, na karibu yote ilikuwa tumboni mwake. Dawa ya kumwokoa mama wa mumewe ameinywa yeye.

Mutindi alipoingia, Kanyiva alikiri yote. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

Mutindi aliinama, akafunua beseni. Lilikuwa kavu.

Mbithe aliteremsha miguu, akasimama bila kushikwa, akachukua pakiti ya mwisho.

"Mimi nilipona jana jioni," alisema. "Huyu ndiye ameniaga mara saba tangu alfajiri, ati anaangalia mbuzi, na kila mara nimesikia mlango wa choo."